Vikaratasi Kumi na Vinane

Fusae aliufungua mkebe wa biskuti za mchele ili awapelekee vijana kitu cha kutafuna na chai, akakuta biskuti hazimo. Ndani mlikuwa na vikaratasi, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama noti za benki. Alikichukua cha juu. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: *Chumba kikubwa, safu ya kaskazini, wa tatu.* Akachukua kingine. *Chumba kidogo, mbele ya madhabahu.* Alivihesabu vyote, vikawa kumi na vinane. Akavihesabu tena, kana kwamba hesabu ya pili ingemwonea huruma.

Ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi. Saa saba mikeka aliyoibandika vikaratasi hivyo ilitakiwa iwe nyumbani kwa mteja wao, Bibi Kurihara.

Aliubana mkebe kifuani akaenda karakana. Mikeka yote kumi na minane ya tatami, mizito, minene kama godoro, ilikuwa imesimamishwa pande nne za karakana ikafanya chumba ndani ya chumba. Humo katikati Chizuru, bintiye, alikaa juu ya kreti na gitaa lake. Wataru, kijana mwembamba mwenye nywele za mabegani, alikuwa ameinamia mashine ya kurekodia, gitaa la besi mapajani. Senda, mpiga ngoma, alikuwa amefunika ngoma zake kwa mataulo ya Fusae. Nje upepo mkavu wa Desemba uliitikisa milango ya mbao, lakini ndani ya kuta zile za majani ya mpunga haukusikika kabisa.

"Chizuru."

Wataru aliinua kidole mdomoni bila kugeuka. Siku tatu hizi Fusae alikuwa ameshazoea kunyamazishwa ndani ya nyumba yake. Alisimama na mkebe wake hadi uzi wa mwisho ulipoacha kutetemeka.

"Mama, ulikuwa unataka kuingia kwenye santuri?" Senda alimtania. Senda ndiye aliyependwa zaidi na Fusae. Wakati mji mzima ulipokuwa ukipigania karatasi za chooni madukani, kwa hofu kwamba mafuta yakiadimika kila kitu kitaadimika, yeye alikuja na zawadi ya roli nne, kazifunga kwa utepe mwekundu.

"Hivi vimefikaje humu?"

"Aa, hivyo," Chizuru alisema. "Vilikuwa vinavuma, Mama. Wataru akigusa besi, vyote vinatetemeka kama nyuki. Juzi vimetuharibia wimbo mzima, ndiyo maana leo tunataka kuurudia. Nimevibandua taratibu, hakuna hata kimoja kilichochanika."

"Naona."

"Si tutaangalia tu alama za Baba kwa chini? Zile za wino?"

Fusae alitazama vikaratasi mkebeni. Chizuru alimtazama, akaweka gitaa chini. Aliuinamisha mkeka wa karibu akatazama mgongo wake. Majani ya mpunga na uzi, basi. Akainamisha wa pili. Wa tatu. Alipofika wa tano aliacha.

"Mama, mbona hakuandika?"

"Baba yako haandiki tena."

"Tangu lini?"

"Tangu maua ya mcheri yalipoanguka. Mkono wa kulia. Aliamka asubuhi moja ukawa si wake." Fusae alisema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na jirani wa kusikia. "Mimi ndiye ninayeshona mapindo, milango ikiwa imefungwa. Yeye anabana kwa kiwiko. Na mimi ndiye ninayeandika hivyo vikaratasi."

"Aliniambia kaungua na birika! Ndiyo maana anakula kwa kijiko." Chizuru alifumba macho. "Nimekaa naye mezani siku tatu, Mama. Siku tatu."

Wataru alizima mashine. "Samahani, Mama. Mimi ni mtu wa mjini. Mikeka si ni sawa yote?"

"Ingekuwa sawa, mwanangu, watu wangenunua kama sabuni. Nyumba ya Kurihara ina miaka themanini, kila kona imejikunja inavyotaka. Kila mkeka umekatwa kwa mahali pake. Huu unazidi ule nusu kidole, ule unapungua robo. Ukiukosea mahali, unasimama kama mlango au unaacha ufa wa kuingiza panya."

"Na Baba haikumbuki?" Chizuru aliuliza.

"Siyo mikeka yake, sisi tumeivisha tu uso mpya. Fundi aliyewahudumia miaka yote alikufa masika. Alama zake zilikuwa za chaki, zimeshafutika. Hii ni mara ya kwanza Bibi Kurihara kutupa kazi." Fusae aliutua mkebe sakafuni. "Kesho ni siku ya heri kwenye kalenda. Saa nne asubuhi watu wa mchumba wa binti wa nyumba ile wanaleta posa, na wataketi juu ya mikeka hii. Bibi Kurihara akiridhika, atatupa na kazi ya nyumba zake za wapangaji. Asiporidhika, kuna kile kiwanda cha mikeka pale stesheni. Kinamaliza chumba kwa nusu siku."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Tokuji aliingia na baridi yake, mkono wa kulia umezama ndani ya koti la kazi. Alitazama mkebe, akatazama migongo ya mikeka, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Chizuru. Nani kakwambia umwambie?"

"Mkebe ndio ulioniambia nimwambie."

"Baba, ni mimi niliyevibandua," Chizuru alisema.

Tokuji alikitazama kikaratasi cha juu mkebeni. Fusae alijua ukimya wa mumewe kama watu wajuavyo vyumba vya nyumba zao. Huu ulikuwa mgeni kwake.

"Nimesema saa saba," Tokuji alisema hatimaye. "Saa saba tutafika."

"Tuwapigie simu tuwaeleze..." Chizuru alianza.

"Niwaeleze nini? Kwamba Fundi Tokuji hajui mkeka upi unalala wapi? Wakiuliza kwa nini siandiki, niseme nini? Kiwanda cha stesheni watapika wali mwekundu washerehekee."

Wataru aliisogelea mashine kana kwamba ilikuwa mgonjwa. "Chizuru, na sisi? Mashine ni ya watu wa redio, lazima ipande treni ya saa kumi na mbili jioni. Kampuni imesema plastiki ya santuri imepungua, asiyeleta nyimbo nane Jumatatu zamu yake wanampa mwingine. Tuna saba. Kuta zikiondoka..."

Fusae alimwona binti yake akitazama gitaa, kisha mashine, kisha kiwiko cha baba yake kilichochakaa kwenye koti. Miaka mitano alikuwa Tokyo akiosha sahani na kuimba kwenye mikahawa kwa ajili ya nyimbo hizo nane. Fusae alitamani aseme lolote, na akaogopa chochote ambacho angesema.

"Bomoeni kuta," Chizuru alisema.

*

Senda aliendesha kigari cha dukani, safari mbili. Vyumba viwili vya Bibi Kurihara vilikuwa wazi, vimebaki mbao tupu na magazeti ya zamani yaliyotandikwa chini ya mikeka kuzuia unyevu. Bwana Daizo, shemeji yake Bibi Kurihara, aliyekuja kwa ajili ya posa ya kesho, alikuwa amepiga magoti akiyasoma kwa sauti.

"Sikia hili, shemeji! Hapa wanasema vita tunashinda. Lini hiyo? Fundi, karibu, unaona umechelewa, vita imeshakwisha."

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Tokuji aliinamisha kichwa akacheka kidogo, kama fundi anavyopaswa kuucheka mzaha wa mteja.

Siku za kawaida Tokuji hutandaza chumba kabla chai aliyokaribishwa haijapoa. Leo mkeka wa kwanza ulikuwa mrefu. Wa pili ulikuwa mfupi. Wa tatu uliingia nusu ukagoma. Chizuru na Senda waliubeba nje ya mlango, wakaleta mwingine. Tokuji alisimama varandani akielekeza kwa kidevu.

"Huo uzungusheni. Hapana. Toeni."

"Leo fundi amekuwa jemadari," Bwana Daizo alisema. "Anaamuru tu, hashiki kitu. Shemeji, hii ni mikeka au ni fumbo la watoto?"

Bibi Kurihara alikuwa amekaa kizingitini, mnyoofu, mikono mapajani. Hakucheka wala hakusema. Kwa Fusae hilo lilikuwa baya zaidi.

Chizuru akaweka mkeka chini. Alipiga magoti juu ya magazeti, akashusha paji la uso mpaka likagusa sakafu.

"Kosa ni langu. Mikeka ilikuwa na alama za mahali. Nilizibandua mimi, kwa ajili ya kazi yangu. Baba hakujua."

"Kazi gani inayobandua alama za mikeka ya watu?" Bwana Daizo aliuliza.

"Naimba."

"Anaimba! Na mikeka ya shemeji yangu inaitikia?"

"Inazuia mwangwi. Tunarekodi santuri."

"Ee, basi tuimbie na sisi. Muda tunao, naona."

Uso wa Chizuru ulikuwa umeiva. Alama ya wino wa gazeti ilikuwa imemshika kwenye paji. "Nikimaliza kuweka, bwana. Kama pumzi itakuwa imebaki." Akainuka, akakamata ncha ya mkeka.

Tokuji alivua viatu akapanda. Alipiga magoti kwenye ukingo wa chumba, akapitisha mkono wa kushoto juu ya mbao, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akaupitisha chini ya mkeka uliokuwa umeegemezwa ukutani.

"Huu umekaa chini ya kabati zito. Una mashimo manne. Kabati lilikuwa wapi, Bibi?"

"Pale, kona ya magharibi," Bibi Kurihara alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Magharibi. Leteni. Na huu mwepesi, umekaushwa na jua, ni wa varandani." Mkeka ulishuka ukakaa kama kifuniko. "Mama Chizuru, njoo unuse."

"Ninuse?"

"Ya chumba kidogo. Kuna iliyokaa mbele ya madhabahu ya wahenga miaka mingi."

Fusae akapiga magoti mbele ya watu akaweka pua kwenye majani ya mpunga. Alisikia Bwana Daizo akipumua kwa kicheko: "Sasa wananusa! Mungu wangu, wananusa!" Masikio yalimwaka moto. Lakini mkeka wa nne aliounusa ulikuwa na harufu ya ubani, hafifu, ya miaka mingi ya asubuhi za mtu mwingine.

"Huu hapa," alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Wakaendelea hivyo. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Senda alikuwa ametoa koti, mvuke unamtoka mgongoni. Chizuru alikuwa ameukumbuka mwendo wake wa utotoni, goti chini, ncha begani, na hakuwa akingoja tena kuambiwa. Baba yake akigeuza kichwa tu, yeye ameshainua. Mikeka kumi na saba ikalala.

Wa mwisho ulisimama juu kwa upana wa kidole.

"Haya, mwaka mpya utatukuta hapa," Bwana Daizo alisema.

Tokuji aliutazama mkeka, akautazama na jirani yake. Akatikisa kichwa. "Huu ndio wenyewe. Umekakamaa kwa baridi tu." Angeweza kumwambia Chizuru aukanyage. Fusae aliona jinsi alivyofikiri hilo, na jinsi alivyolikataa. Tokuji alishuka kwa uzito wake wote, akaupiga ukingo kwa kiwiko cha kulia. Chumba kilitoa mshindo. Akapiga tena, na mkeka ukazama mahali pake, bila ufa, bila kivuli.

Lakini kwa kupiga huko mkono ulikuwa umetoka kotini. Ulilala juu ya nyasi mpya za kijani kama glavu iliyosahauliwa na mtu, vidole vimejikunja, bila kujua kwamba unatazamwa. Tokuji aliuokota kwa mkono wa kushoto akaurudisha ndani ya koti.

Bwana Daizo alifungua gazeti la vita alilokuwa amejiwekea akalisoma kimya.

*

Bibi Kurihara alimwita Fusae jikoni. Alikuwa ameshaweka malipo ndani ya bahasha safi, na pembeni machungwa sita kwenye kitambaa.

"Ulianza lini, mkono wa fundi?"

Fusae alikuwa ametayarisha uongo wa birika. Aliutafuta mdomoni, haukuwepo. "Aprili."

"Marehemu mume wangu aliuficha wake hivyohivyo, kotini. Tulijua wote. Tukamwacha aamini hatujui." Bibi Kurihara alifunga kitambaa, akafungua, akafunga tena. "Zile nyumba za wapangaji ni tano."

"Ndiyo, Bibi."

"Shemeji yangu atataka kiwanda. Atakuwa na ya kusimulia leo, na sitaweza kumziba mdomo. Tatu nitakipa kiwanda ili aridhike." Akamtazama Fusae usoni. "Mbili njooni mchukue Machi. Ila kwa chini andikeni kwa wino. Mkono wa nani, mimi sitauliza."

Fusae aliinama, akainama tena, mpaka machungwa yakaanza kumtoroka. Tatu zimepotea, aliwaza njiani. Mbili zimebaki. Hakujua alie kwa lipi, akaamua kutembea haraka.

*

Walifika nyumbani saa kumi na moja na robo. Karakana ilikuwa tupu. Wataru, aliyebaki kulinda mashine, alisimama katikati akapiga kofi moja. Sauti iligonga ukuta mmoja, ikagonga wa pili, ikarudi.

"Kama kisimani," alisema. "Na upepo unaingia. Haiwezekani."

"Tuimbe hivyohivyo," Senda alisema.

"Haitashikana na zile saba. Mtu atadhani amebadilisha santuri."

Chizuru alikuwa amekaa juu ya kreti lake, mikono imechubuka viganjani. Wino wa gazeti bado ulikuwa kwenye paji lake na hakuna aliyemwambia. "Weka ule wa juzi," alisema. "Uliovuma."

"Ule umeharibika."

"Uweke tu. Nataka Baba asikie."

Wataru alizungusha kanda. Tokuji, aliyekuwa ameshika mlango akitaka kupita, alisimama. Gitaa likaanza, kisha ngoma chini ya mataulo, kisha sauti ya Chizuru, kavu kidogo, sauti ya mtu anayezungumza akiwa amegeukia pembeni:

*Nimeuacha mlango wazi*
*upepo uingie badala yangu.*

Besi iliingia, na pamoja nayo mvumo. Ulikuwa mdogo, wa karibu sana, ulipanda besi ilipopanda, ukatulia ilipotulia. Wataru alikunja uso kila ulipokuja. Fusae alishika ukingo wa aproni yake. Alifikiria gundi ya unga wa mchele aliyoipika, vikaratasi alivyovikata kwa mkasi wa kushonea, usiku alioandika neno *kaskazini* mara sita akihofia kulikosea.

"Kuna mdudu humo," Tokuji alisema.

"Si mdudu, Baba Chizuru," Fusae alisema. "Ni mimi."

Wimbo ulikwenda hadi mwisho. Kitu cha mwisho kusikika, gitaa lilipokwisha, kilikuwa vile vikaratasi, vikitulia kimoja baada ya kingine.

"Huo ndio wa nane," Chizuru alisema.

"Kampuni watasema mashine mbovu."

"Waambie ni mikeka. Weka wa kwanza kabisa, upande wa kwanza, wasije wakadhani tumeuficha."

Wataru alitaka kubisha. Alimtazama Fusae, akaanza kukunja nyaya. Saa kumi na mbili kasorobo kigari kiliondoka kwenda stesheni na mashine, kanda na ngoma. Senda alipiga honi mpaka kona. Chizuru alisema angewafuata Jumatatu alfajiri. Kuna saini lazima aiweke mwenyewe. Hakusema angerudi lini, na Fusae, aliyekuwa na swali hilo kwenye ncha ya ulimi, aliuliza jingine.

"Biskuti zenyewe mlizipeleka wapi?"

"Senda alizimaliza siku ya kwanza."

Saa moja usiku mikeka minane ya daktari wa meno ililetwa ikaegemezwa ukutani, kazi ya wiki ijayo. Chizuru aliuangusha wa kwanza kifudifudi. Alikwenda mwenyewe kwenye droo, akatoa kijiwe cha wino na brashi ambayo nywele zake zilikuwa zimekauka tangu Aprili. Aliiloweka, akaifinya, akaiminya tena mpaka ikalainika. Kisha akapiga magoti na kungoja.

Tokuji alisimama juu yake. Upepo ulikuwa ukipiga milango.

"Baba, niambie."

"Chumba cha mbele," Tokuji alisema. Aliutoa mkono wa kulia kotini, akauegemeza juu ya bega la binti yake, kwa uzito wake wote. "Safu ya mashariki. Wa kwanza."

Chizuru aliandika.

"Mistari minene mno," Tokuji alisema. "Atakayesoma atadhani tulikuwa na hasira."

"Tulikuwa nayo, Baba."

Tokuji aliutazama mwandiko mpaka ukaanza kukauka.

"Haya," alisema. "Wa pili."